Mgeni, Usiukodolee Macho Mlima Ule

Mwongozo huu ni wa msafiri mwenye nia njema: yule anayependa vilima, anayeamka alfajiri kusubiri ukungu uondoke mabondeni, anayeweza kutamka neno "mandhari" mbele za watu bila kuona haya. Huyo ndiye aliye hatarini. Mnunuzi wa dhahabu akiingia Salamabila atapewa kiti na soda kabla hajapangusa vumbi. Askari anajua pa kulala. Hata tapeli atapata mwenyeji wake jua halijachwa. Lakini mtu anayesimama kando ya barabara, mikono nyuma, akitazama kilima kwa sababu tu kilima kinapendeza, huyo hana fungu. Haijulikani katumwa na nani. Na huku kusini mwa Maniema, mashariki ya Kongo, mtu wa namna hiyo huulizwa maswali mpaka apatikane aliyemtuma, hata kama hayupo.

Tuanze na sifa, maana ni za haki. Ukiiacha Kasongo na mpunga wake ukaelekea mashariki, upande wa Kabambare, nchi inaanza kujikunja. Msitu mkubwa unaoifunika Maniema ya kaskazini unachoka. Unabaki mabondeni ukifuata vijito, na juu yake mbuga za majani marefu zinapanda mpaka migongoni mwa vilima. Michikichi imejisimamia pasipo na shamba wala mwenye shamba. Maji yanateremkia Luama, Luama inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo hiyo hiyo itakayojiita Kongo na kwenda kumwagika Atlantiki. Mji wenyewe, Salamabila, ni mabati, matofali ya udongo na vumbi jekundu, lakini inua kichwa: kuna vilima vya Namoya, Mwendamboko, Kakula, Muviringu, Seketi na wenzao. Jioni ya mwezi wa saba, moshi wa majani yanayochomwa ukiwa umetulia, vinatoka kwenye kijani vikaingia zambarau, na mtu wa Lushoto, kule Tanzania, angejenga hapo hapo hoteli ya vyumba sita yenye baraza.

Sasa teremsha macho. Umeshatazama vya kutosha.

Najua unashangaa. Kule Lushoto mtu hukaa Irente nusu siku nzima, miguu ikining'inia juu ya tambarare za Mazinde, na anachoulizwa ni kama atakunywa chai ya tangawizi au ya maziwa. Kutazama ni biashara halali, ina tiketi. Salamabila kutazama pia ni biashara, ila si ya chai, na wenyeji wana sababu nzuri ya kukudhania wanachokudhania. Wamewaona wenzako.

Waliotazama kabla yako

Mtazamaji wa kwanza tunayemjua kwa maandishi alikuwa Daktari Livingstone, aliyefika Kabambare mwezi wa Septemba 1869. Alikuwa mpenda mandhari kama wewe. Aliandika kwamba Manyema, ndiyo Maniema hii, ni nchi nzuri ajabu, akaisifu michikichi iliyovika vilele taji, na hakusema uongo. Kisha nchi ikamshika miguu. Kuanzia Julai 1870 alilala hapo Kabambare miezi na miezi, vidonda vya miguu vikimla, akasoma Biblia mwanzo hadi mwisho, kisha tena na tena. Kwa hesabu yake mwenyewe aliimaliza mara nne akiwa Manyema. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani, mistari ikikatisha maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mimea. Na pamoja na bidii yote hiyo alikuwa amekosea mto: aliamini Lualaba ni Nili.

Lakini angalia alikula kwa nani. Aliyemlisha na kumtibu alikuwa Muhammad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Kambi aliyolala ilikuwa ya misafara, na njia aliyopita ilifunguliwa kwa bunduki zao. Julai 1871, sokoni Nyangwe, watu wa misafara hiyo hiyo walifyatulia risasi umati wa wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao, na Livingstone akiwa papo hapo akiona. Akageuza safari kurudi Ujiji. Kumbuka hilo utakapokuwa unaisifu barabara nzuri inayoingia Namoya: mpenda mandhari karibu siku zote hupita katika njia iliyochongwa na mtu wa biashara, na mwenyeji anayekuona unateremka haoni sababu ya kuwatenganisha.

Akaja Stanley mwaka 1876, akaifuata Luama mpaka inapoingia Lualaba, akamwajiri Tippu Tip amsindikize kwa mkataba wa dola 5,000. Stanley hakuwa na muda wa vilima. Mwaka 1965 akaja Che Guevara, akijiita Tatu, akahangaika mashariki ya hapa, upande wa Fizi na Lulimba, akaondoka Novemba ya mwaka huo huo bila mapinduzi. Katika wote hawa ni yeye peke yake aliyeondoka mikono mitupu, na hata hivyo alipata kitabu.

Wengine walitazama kwa nyundo. Wabelgiji walianza kuchimba Namoya miaka ya 1930, kwanza mchanga wa mitoni, baadaye wakaingia mwambani, mpaka vurugu za uhuru zilipowatoa. Mwaka 1976 kampuni za kikoloni zilizobaki Kivu na Maniema zikaunganishwa kuwa SOMINKI. SOMINKI ikafa mwaka 1997. Ikaingia Banro, kampuni ya Toronto, ikanyang'anywa na Mzee Kabila mwaka 1998, ikarudishiwa baada ya majadiliano mwaka 2002, na ikakaa miaka mingi ikitoboa vilima kuchukua sampuli. Wazee wanaijua vizuri hatua hiyo: vijana wapole wenye kofia, wanaosalimia kila mtu, wanaouliza njia, wanaosimama mahali pa juu wakitazama. Dhahabu ya kwanza ilimiminwa mwishoni mwa 2013. Uzalishaji wa kibiashara ukatangazwa tarehe 1 Januari 2016.

Basi ukisimama kwa upole, umevaa kofia, ukasalimia kila mtu na kuuliza njia ya kwenda mahali pa juu, usitegemee kuchukuliwa kama mshairi.

Namna ya kujibu

Mazungumzo huwa mafupi. Atakuja mzee mmoja, ana fimbo, hana haraka.

"Jambo, papa. Uko unaangalia nini pale?"

"Naangalia mlima tu, mzee."

"Mulima." Ataugeukia na yeye, autazame kama anauona leo. "Na unaona nini?"

"Ni mzuri sana."

"Eeh, ni muzuri. Ngapi?"

Usijibu. Anauliza gramu ngapi kwa tani, na ukisema "sijui" atacheka kwa heshima, maana kampuni nayo ilisema haijui mpaka siku ilipoleta mitambo. Jibu ninalolipendekeza kwa wasafiri wote ni sabuni. Beba sabuni za miche, boksi moja, hata kama huna nia ya kuuza. Mwenye sabuni anaeleweka. Amekuja kuuza, atapata au atakosa, ataondoka. Mzee atakuuliza bei, ataikataa, utaipunguza, na tayari nyinyi ni marafiki. Sasa unaweza kuketi juu ya boksi lako ukitazama upande wowote unaotaka, na kila apitaye atajua unangoja wateja.

Acha nyumbani darubini. Acha kifaa cha GPS. Kamera ndogo inayoruka angani usiiwaze kabisa. Hiyo si utalii, hiyo ni kesi. Daftari ni baya kuliko kamera, kwa sababu kamera inaonyesha kilichopo na daftari huenda linaandika majina. Buti nzito za kupandia milima nazo zinakuchongea: wanaozivaa hapa ni watu wa mgodi. Na popote utakapokuwa, hata haja ikikubana, usiiname ukaokota jiwe.

Mtoto akikuletea jiwe linalometameta, lisifu na umrudishie. Ni takataka ya dhahabu-feki, mwenyewe anajua, anataka kujua kama wewe unajua.

Mlima wenyewe, au kilichobaki

Sasa tuseme umefika karibu na Mwendamboko. Usiutafute kwenye picha ya zamani. Mahali pa bega la kilima utakuta ngazi kubwa zilizokatwa mwambani, kila daraja kimo cha nyumba, zikishuka kuelekea ndani badala ya kupanda. Kwa mtalii ni jambo la kutatanisha: hujui upigie picha kilipo au kilipokuwa.

Hesabu yake inafanyika hata kwa vidole. Mwamba wa Namoya ulikuwa na wastani wa karibu gramu mbili za dhahabu kwa kila tani. Pete ya ndoa ya gramu nne, tuseme hakuna chembe iliyopotea, inataka tani mbili za mlima: zilipuliwe, zibebwe, zisagwe, zimwagiwe maji ya sianidi, kisha zirundikwe upande wa pili. Kwa hiyo mgeni mwenye pete kidoleni asiseme hajawahi kugusa mlima wa watu. Na kile kilima cha pili anachokiona, cha duara, kisicho na mti, hicho kilitoka tumboni mwa cha kwanza.

Pembeni ya kazi ya mashine kuna kazi ya mikono, na hapa ndipo ningekushauri ukae zaidi kama utaruhusiwa. Mashimo yana wenyewe. Mwenye shimo huitwa PDG, sawasawa na mkurugenzi wa kampuni ya Toronto, na mara nyingi ana suruali moja. Wachimbaji wanashuka na tochi kichwani. Mawe yakitoka, yanafika kwa akina mama. Wanatwanga. Kinu cha chuma, mchi wa chuma, mama kaketi miguu kaikunjua pande mbili za kinu, kitenge kimefunika pua, na kila pigo linarusha vumbi jeupe linalotua kwenye nyusi mpaka anaonekana bibi ilhali ana miaka ishirini. Unga ukilainika unaoshwa kwenye karai. Kinachobaki chini, cheusi, kinatiwa tone la zebaki, kinasuguliwa kwa kiganja kitupu, polepole, mpaka zebaki inakusanya kila chembe na kuwa kijidonge cha kijivu. Kijidonge kinachomwa motoni. Simama upande upepo unakotoka, na usione haya kusogea hata mara tatu. Moshi ukiisha, kijivu kimegeuka njano.

Kisha mizani. Mizani ni vijisahani viwili na uzi, na upande wa pili wa dhahabu utakuta njiti za kiberiti na sarafu kuukuu zilizokwisha thamani zamani sokoni, hapa bado zinafanya kazi. Njiti moja, njiti mbili, nusu njiti. Wanabishana juu ya kichwa cha njiti, kama kihesabiwe au kikatwe. Ukitaka kuelewa siasa ya madini ya Kongo kaa hapo dakika kumi, halafu usisome kitabu chochote.

Ruhusa ya kupanda

Kilima kina wenyewe, na swali la kwanza la msafiri mstaarabu ni wenyewe hao ni akina nani. Swali zuri. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyofanyiwa marekebisho 2018, inasema kilichomo ardhini ni mali ya Serikali. Kibali cha kuchimba kinasema ni haki ya kampuni. Wazee watakwambia ardhi ni ya waliozikwa humo, nao ndio wanaowasemea. PDG atakuonyesha shimo: alilichimba yeye, kwa deni, na mwenye deni yupo pale amekaa. Sheria hiyo hiyo inampa mchimbaji wa mikono maeneo yake maalumu, na mchimbaji atakuonyesha kwa kidole yalipo: mbali, na hayana kitu.

Ukiomba ruhusa kwa mmoja, umewatukana wanne. Ukiwaomba wote, utapanda mlima ukiwa na watu kumi na wawili, kila mmoja akikuonya kuhusu aliye mbele yake. Hilo la pili ni bora, maana angalau una wasindikizaji wanaojua mashimo ya zamani yalipo. Mengine ni ya enzi za Wabelgiji, yamefunikwa na majani, hayana uzio, na hayachagui.

Kuna mwenyewe wa sita. Hapa niache mzaha kidogo. Mgodi ulipoanza, wachimbaji waliondolewa juu ya vilima walivyovitegemea, na ahadi zikatolewa; wenyeji wengi wanasema hazikutimizwa. Kikundi chenye silaha kinachoitwa Mai-Mai Malaika kikaibeba hoja hiyo pamoja na bunduki. Machi 2017 wafanyakazi watano wa mgodi walitekwa, miongoni mwao Mfaransa na Mtanzania, wakakaa porini kwa miezi. Julai 2019 ikawa zamu ya wengine. Septemba mwaka huo kampuni ikasimamisha kazi Namoya, na mwaka uliofuata mgodi ukauzwa. Kwa miaka hiyo yote walioumia zaidi hawakuwa wageni: vijiji vilichomwa, watu walilala msituni, wanawake walifanyiwa unyama na pande zote zenye bunduki. Kwa hiyo zipo siku ambazo ushauri wangu wote kuhusu kilima hiki ni kubaki Kasongo, unywe chai, uulizie kesho. Dereva wa pikipiki akikwambia "leo hapana", usimwongezee pesa. Anayekubali baada ya kuongezewa ndiye wa kuogopa.

Njia na kamba

Kutoka Kindu unateremkia Kasongo, kisha Kabambare. Kutoka Uvira unafuata Ziwa Tanganyika mpaka Baraka, unapanda Fizi, unashukia Lulimba. Njia zote mbili ni ndefu kuliko zinavyoonekana na zote ni za pikipiki. Pikipiki hiyo itabeba wewe, mzigo wako, madumu mawili ya mawese, kuku, na mtu mwingine ambaye hamkukubaliana. Wakati wa mvua utatembea sehemu kubwa ya safari uliyolipia kubebwa, ukiisukuma.

Njiani kuna kamba. Kamba imevuka barabara, imefungwa kwenye mti, na upande wa pili kuna kijana kaketi kwenye kigoda. Wakati mwingine ana sare, wakati mwingine ana shati la timu ya mpira. Usiulize kamba ni ya ofisi gani. Ukiuliza atalazimika kubuni, na ofisi ikishabuniwa ina ada. Msalimie, muulize habari za nyumbani, lipa kidogo, pita. Dola ziwe mpya, zisizo na mkunjo wala chozi la kalamu. Noti iliyochanika hata unywele mmoja haitapokelewa na mtu yeyote kuanzia Kinshasa mpaka hapa, ingawa franga za Kongo zilizochakaa mpaka hazisomeki zinapita bila neno.

Chakula

Bukari (ugali) wa muhogo, sombe (kisamvu), ndagala (dagaa) kutoka Tanganyika, wali wa Kasongo. Mawese ya kutosha. Lotoko, pombe kali ya huku, usinywe, na ukiinywa usizungumze habari za mlima.

Kuondoka

Ondoka mchana, mbele ya watu, ukiaga. Anayeondoka usiku kapata. Siku ya kuaga wataangalia mzigo wako, na ni vizuri uwe mwepesi kuliko ulivyokuja. Ndiyo faida nyingine ya zile sabuni. Kung'uta mifuko mwenyewe kabla hujaombwa. Ukiulizwa utarudi lini, sema Mungu akipenda. Ukitaja tarehe, watahesabu kwamba unarudi na mitambo.

Jambo la mwisho ni viatu. Kwenye nyumba ya wageni yupo kijana atakayejitolea kukuoshea, bure, na atasisitiza. Mpe. Usishangae akiviosha juu ya karai, wala akilitikisa karai kwa mzunguko, wala akiyamwaga maji taratibu na kuchungulia kilichobaki chini. Ukiona ametabasamu, rudi mapokezi ukadai upunguziwe bei ya chumba.